Mjumbe Hauawi: PHP, JavaScript na Maji ya Msambweni

Wahenga waliposema kwamba mjumbe hauawi, walikuwa wakiweka mpaka kati ya anayelibeba neno na anayelitunga. Mjumbe hufika ugenini akiwa na maneno yasiyo yake. Awe ameleta habari za vita au za posa, lawama na shukrani humrudia aliyemtuma. Methali hii hutajwa zaidi katika masuala ya utawala na ya jamii, lakini inaweza pia kutumika kueleza jambo linalotendeka kila siku katika simu za mkononi za wakazi wa pwani ya kusini ya Kenya. Programu moja, iliyo katika seva ya mbali, huandika programu nyingine na kuituma ikafanye kazi mkononi mwa mtu asiyejua ilikotoka. Mwandishi wa kwanza hayupo pale kazi inapofanyika. Neno lake lipo, nalo hutenda kama lilivyoandikwa, likiwa sahihi au likiwa na kasoro.

Insha hii inalitazama jambo hilo kupitia kazi ya kijana mmoja wa Msambweni, mtengenezaji wa kurasa za wavuti, aliyekodi chumba cha kazi mjini Ukunda. Kazi yenyewe ni ndogo kwa kuitazama: kuonyesha nyakati za maji kupwa na kujaa. Hata hivyo, katika udogo wake imebeba maswali ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuyapuuza, yanayohusu nani anasema, anasema na nani, kwa tahajia gani, na anaposema "leo" anamaanisha leo ya nani.

Jedwali la maji

Kwa mgeni wa Diani, bahari ni mandhari. Kwa mwenyeji wa Gazi, Msambweni au Shimoni, bahari ni saa ya ukutani. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na mwamba hubaki wazi kwa muda. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua, na mwamba hauonekani vizuri. Wanaotafuta pweza mwambani huishi kwa hesabu hiyo. Kina mama wanaolima mwani Kibuyuni hushuka shambani maji yanapokupwa. Manahodha wanaowapeleka wageni kwenye matumbawe ya Diani nao hawang'oi nanga kwa kutazama jua pekee.

Kijana huyo alilelewa na mama yake mdogo, ambaye alimsomesha kwa fedha za pweza. Alipohitimu masomo ya tarakilishi, aliliweka jedwali la maji la mwaka mzima katika seva aliyoikodi Ulaya, akatengeneza ukurasa wa kuonyesha maji ya siku. Muda si mrefu, wenye nyumba kadhaa za wageni za Diani wakataka maji hayo yaonekane katika kurasa zao pia. Hakutaka kumwandikia kila mmoja ukurasa mpya kila siku. Akawapa mstari mmoja tu wa kubandika (hapa anwani kamili ya seva imefupishwa):

<script src="maji.php"></script>

Mstari huo una jambo la kushangaza kidogo. Kivinjari kinapoona neno script hutarajia kuletewa JavaScript, ilhali jina la faili linaishia na php. Kinaomba programu ya lugha moja kwa kubisha mlango wa lugha nyingine, na hapo ndipo mkasa mzima unapoanzia.

Lugha mbili, makazi mawili

Lugha hizi mbili zilitoka kwa umma mwaka mmoja. Mwezi Juni 1995, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa zana alizokuwa amezitunga kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, na kutokana nazo ikakua PHP. Mwezi Mei mwaka huohuo, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga kwa siku 10 umbo la kwanza la lugha ambayo ilipofika Desemba ilikuwa imepewa jina la JavaScript. Umri wao ni mmoja, lakini makazi yao ni tofauti. PHP ilizaliwa kuishi katika seva, mahali penye hifadhi ya data na siri za mwenye nyumba. JavaScript ilizaliwa kuishi katika kivinjari, mbele ya macho ya msomaji, ambapo inaweza kuubadilisha ukurasa uliokwisha kufika.

Hazikutani ana kwa ana. PHP humaliza kazi yake yote kabla JavaScript haijaanza. Kwa PHP, kila inachokitoa ni maandishi tu. Haijali iwapo maandishi hayo ni ukurasa, ni picha, ni shairi, au ni programu. Ikiandika herufi zinazofuata kanuni za JavaScript, kivinjari kitazisoma kama JavaScript na kuzitekeleza. Hali hii si ngeni kwa msomaji wa fasihi ya pwani. Mtunzi huandika akiwa nyumbani kwake, na mghani huimba mbele ya hadhira. Mghani hawezi kumuuliza mtunzi katikati ya ubeti alikusudia nini. Kila lililohitajika lazima liwe limeandikwa.

Faida ya mpango huo ni dhahiri. Jedwali la mwaka mzima lina mamia ya mistari, na kumpelekea kila mtu jedwali zima ni kumlia bando lake. Kwa hiyo PHP hulifungua jedwali kule seva, ikachagua nyakati za siku hiyo tu, ikaziandika kwa umbo la JavaScript na kuzituma. Zikifika katika simu, JavaScript hutazama saa ya simu, ikahesabu zimebaki dakika ngapi kabla ya maji kupwa, na kuendelea kupunguza hesabu hiyo bila kuiuliza seva tena. Ya kwanza inajua jedwali, ya pili inajua wakati uliopo. Kiini cha faili la kijana kilikuwa kifupi:

header('Content-Type: text/javascript; charset=utf-8');
echo 'var maji = ' . json_encode($maji) . ';';

Mistari hiyo miwili haikupatikana kwa siku moja. Kila kipande chake kilizaliwa na tatizo.

Mjumbe ajitambulishe

Tatizo la kwanza lilikuwa la utambulisho. PHP isipoelekezwa vingine, hukitambulisha kila inachokituma kuwa ni ukurasa wa HTML. Katika kurasa nyingi script hiyo ilifanya kazi hata hivyo, kwa sababu vivinjari vina subira ya kale na husamehe. Lakini nyumba moja ya wageni ilikuwa na seva iliyowekewa ulinzi mkali, na ilitaka kuihifadhi nakala ya faili na kuitoa yenyewe. Seva hiyo huambatanisha agizo liitwalo nosniff, linalokiambia kivinjari kisibahatishe: kitu kinachodai kuwa ukurasa kisitekelezwe kama programu. Pale maji hayakuonekana kabisa, wala hapakuwa na neno la kueleza sababu ila katika dirisha la mafundi.

Dawa ilikuwa ni kutamka wazi, kabla ya neno lolote jingine, kwamba kinachokuja ni JavaScript. Kwa miaka mingi mafundi walibishana juu ya jina lipi litumike, baadhi wakiandika application/javascript na wengine text/javascript. Mwezi Mei 2022 waraka wa viwango vya mtandao uitwao RFC 9239 ulilipitisha jina la pili na kuyaweka mengine kando. Tamko hili lazima litangulie. Hata nafasi moja tupu ikiponyoka kabla yake, huenda PHP ikawa imekwisha kufunga bahasha na kuandika anwani isiyo sahihi juu yake. Hii ni adabu inayofahamika na kila aliyelelewa pwani: mtu hapigi hodi akiwa amekwisha kuingia ndani.

Ng'ombeni

Tatizo la pili ndilo lenye ladha kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kijana alitaka kila mtumiaji ataje mahali anapotoka, ili ukurasa umsalimu kwa jina la mahali hapo. Wa Diani, wa Gazi, wa Vanga na wa Msambweni walisalimiwa vizuri. Alipofika mtu wa Ng'ombeni, upande wa Matuga, ukurasa wote ulinyamaza. Hapakuwa na salamu, wala hapakuwa na maji.

Sababu ilikuwa ni alama moja. Katika JavaScript, maneno ya binadamu hufungwa kati ya alama mbili za kunukuu, na alama hizo zinaweza kuwa za ritifaa. Kijana alikuwa ameiandikia PHP itoe sentensi ya namna hii:

var mahali = 'Ng'ombeni';

Kivinjari kilipoisoma kiliona neno lenye herufi mbili tu, Ng, kisha alama ya kufunga, kisha kelele zisizo na maana. JavaScript haina subira ya HTML. Kosa moja la sarufi huangusha faili lote, na kila kilichoandikwa humo hakitekelezwi. Kwa hiyo ritifaa inayotofautisha sauti ya ng'ombe na sauti ya ngoma, alama ambayo walimu wa shule za msingi huipigania daftari kwa daftari, iliweza kuwanyima watu habari za bahari.

Njia ya mkato ilikuwepo, nayo ndiyo iliyopendekezwa na mwenzake wa kazi: iandikwe Ngombeni, mambo yaishe. Majina mengi ya Kiswahili yamepotea kwa njia hiyo katika fomu na kadi, si kwa sera ya mtu yeyote bali kwa uvivu wa programu. Kijana alikataa. Alijua kwamba tatizo halikuwa katika tahajia ya Kiswahili. Lilikuwa katika mazoea ya kuunganisha maneno ya watu na maneno ya programu kana kwamba ni kitu kimoja.

PHP ina dawa ya tatizo hilo tangu toleo la 5.2 la mwaka 2006, nayo ni kitenda kazi kiitwacho json_encode. Kazi yake ni kulichukua neno lolote, liwe na ritifaa, alama za kunukuu, au hata herufi za Kiarabu ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne nyingi, na kulivisha vazi ambalo JavaScript italitambua kuwa ni neno tu, si amri. Jina likatoka "Ng'ombeni", likiwa salama kati ya alama mbilimbili. Tamko la charset=utf-8 nalo likahakikisha kwamba herufi zinasomwa upande wa pili kama zilivyoandikwa upande wa kwanza.

Jambo hili lina uzito kuliko salamu. Ikiwa ritifaa ya mtu asiye na nia mbaya inaweza kuvunja programu, basi mwenye nia mbaya anaweza kuandika katika kisanduku cha "mahali" si jina bali amri, na amri hiyo ikatekelezwa katika simu za wengine. Tofauti kati ya ajali ya Ng'ombeni na uvamizi wa kweli ni nia ya aliyeandika. Mlango ulioachwa wazi ni uleule.

Leo ya nani?

Tatizo la tatu lilikuwa la wakati. Seva ya Ulaya haikuambiwa kwamba inawahudumia watu wa Kwale. PHP isipoelekezwa huhesabu kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mchana kutwa kasoro hiyo haikuonekana, kwa kuwa tarehe ya Ulaya na ya Msambweni ilikuwa moja. Ilijitokeza kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku tu. Katika muda huo Msambweni ilikuwa imeingia siku mpya, ilhali seva bado ilihesabu siku iliyopita na kutoa maji yake. Aliyeamka asubuhi kwa chai hakuona kosa lolote. Aliyeamka saa nane usiku kutayarisha mashua ndiye aliyedanganywa. Kwa maneno mengine, programu ilikosea kwa wavuvi peke yao.

Mstari mmoja ulitosha kuiambia PHP kwamba saa ni ya Africa/Nairobi. Lakini mstari huo ulizua swali jingine. Mvuvi wa Msambweni hasemi maji yatakupwa saa 10:00. Husema yatakupwa saa nne asubuhi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kuigeuza ni hesabu nyepesi: ongeza 6, ukipita 12 toa 12, kisha taja sehemu ya siku. Nambari peke yake haitoshi. Saa nne bila asubuhi au usiku ni nusu ya habari. Zaidi ya hayo, kwa wengi wa pwani siku huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, si ule unaoufuata. Mtu akiandika "maji ya usiku wa Ijumaa" lazima ajue anayemwandikia hulihesabu juma vipi.

Kijana aliamua kwamba seva isitume maneno hayo. Itume wakati kamili, wenye tarehe na saa za kanda, na JavaScript iliyo katika simu ndiyo iutamke kwa Kiswahili, pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri na usiku. Kwa usiku wenye utata aliandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", msemo usiomwacha mtu njia panda. Ugawaji huo wa kazi ulikuwa wa busara. Aliye mbali alieleza ukweli usiobadilika, na aliye karibu na msikilizaji akachagua namna ya kuusema.

Akiba ya jana

Tatizo la nne lilitokana na wema. Ili kuwapunguzia watu gharama za bando, kijana aliiambia PHP iagize kwamba script ikifika katika simu ihifadhiwe kwa sekunde 86,400, yaani siku moja kamili. Siku moja kamili, kwa hesabu ya kivinjari, huanza pale faili linapofika. Aliyefungua ukurasa saa mbili usiku aliendelea kuyaona maji yaleyale hadi saa mbili usiku ya pili.

Hakuna barua ya malalamiko iliyoandikwa. Mama yake mdogo ndiye aliyeliona, akiwa ameketi barazani akinoa chuma chake cha pweza.

"Mwanangu, hii simu yatuhesabia maji ya jana."

"Yawezekana mtandao umechelewa, mama."

"Mtandao siujui mimi. Jana mwezi ulikuwa wa ngapi? Na leo je? Mwezi umesogea, na maji husogea nao. Yako yamesimama palepale saa nne."

Kosa la dakika 50 halimzamishi mtu. Humfikisha mwambani mapema, akangoja. Lakini hesabu ina hatari iliyojificha. Programu nyingine za aina hii huagizwa zihifadhiwe kwa juma zima. Dakika 50 kwa siku 7 ni dakika 350, karibu saa 6, nao ndio muda unaotenganisha maji kupwa na maji kujaa. Jedwali lililolala siku saba katika akiba ya simu halikosei kidogo. Husema kinyume, likimwita mtu aende mwambani wakati maji yanapojaa. Anayejua mwezi atacheka. Kijana wa leo, ambaye hakufundishwa kuusoma mwezi kwa sababu simu ipo, hatakuwa na cha kumzuia.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza, PHP iliagizwa ihesabu sekunde zilizobaki hadi saa sita usiku ya Afrika Mashariki, na akiba idumu kwa muda huo tu. Anayefungua asubuhi huhifadhi kwa muda mrefu, anayefungua saa tano usiku huhifadhi kwa muda usiozidi saa moja. La pili lilitokana moja kwa moja na maneno ya mama mdogo. Kila script ilianza kubeba tarehe yake, na JavaScript ikailinganisha na tarehe ya simu kabla ya kusema chochote. Zikitofautiana, haionyeshi nyakati. Inaandika: "Haya ni maji ya siku iliyopita. Tafadhali ufungue ukurasa upya." Programu isiyoweza kusema ukweli ilifundishwa kukiri kwamba haiwezi.

Mgeni mwenye funguo

Wenye nyumba za wageni walioubandika ule mstari mmoja hawakufikiri kwamba walikuwa wakitoa funguo za nyumba. Lakini ndivyo ilivyo. JavaScript inayoletwa na kurasa kutoka seva ya nje hutenda kwa mamlaka ya ukurasa ulioialika. Inaweza kusoma kinachoandikwa katika fomu ya malipo, kubadilisha nambari ya simu, au kumpeleka msomaji kwingine.

Ulimwengu ulilishuhudia hilo mwaka 2024. Huduma iitwayo polyfill.io ilikuwa imetumiwa kwa miaka mingi kutoa JavaScript iliyotungwa na seva kulingana na kivinjari cha anayeomba. Mwezi Februari anwani hiyo ilinunuliwa na mmiliki mwingine. Mwezi Juni ikabainika kwamba inatoa script zenye madhara, na tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zimeubandika mstari wake. Kwa kuwa seva ndiyo iliyoamua kila anayebisha apewe nini, iliweza kumpa mchunguzi script safi na kumpa mwingine yenye sumu. Hata kinga iliyobuniwa kwa ajili ya hatari hizo, ya kupima alama ya kidole ya faili kabla ya kulitekeleza, haifai hapa, kwa sababu faili linalotungwa upya kila mara hubadilika alama yake kila mara.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Ukurasa wowote duniani unaweza kuiomba script ya seva yoyote. Kwa hiyo PHP isiandike katika JavaScript habari za siri za mtu aliyeingia kwa nywila yake, kama vile jina, deni au ugonjwa, maana ukurasa wa mgeni unaweza kuiomba script hiyohiyo kupitia kivinjari cha mtu huyo na kuyasoma yote. Maji ya bahari ni ya kila mtu. Jedwali lake linaweza kutumwa hivyo bila hofu. Daftari la zahanati haliwezi.

Kutokana na hayo, mafundi wengi hushauri kwamba programu iandikwe mara moja, ikae kama faili lisilobadilika, na kinachobadilika, yaani data, kitumwe peke yake kwa umbo la JSON. Ushauri huo ni mzuri, na kazi nyingi mpya hufanywa hivyo. Lakini pale unapohitajika mstari mmoja wa kubandikwa na mtu asiye fundi, njia ya zamani bado ina nafasi yake, mradi aliyeichagua anajua anachokibeba.

Kiswahili ndani ya mzigo

Mfano mkubwa kuliko wa Msambweni uko karibu na kila mwanafunzi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hutumia programu ya MediaWiki iliyoandikwa kwa PHP. Tangu toleo la 1.17 la mwaka 2011, JavaScript zake hutolewa na faili la PHP liitwalo load.php. Faili hilo hukusanya vipande vya programu vinavyohitajika, likavibana pamoja, na kuviambatanisha na maneno yatakayoonekana kwenye vitufe na maonyo. Katika ombi lenyewe huwa mna alama ya lugha, na kwa Kiswahili alama hiyo ni sw. Kuhusu akiba, vipande hivyo hupewa nambari ya toleo katika anwani yake. Programu ikibadilika, anwani hubadilika, na nakala ya jana haiwezi kuitikia jina la leo.

Maneno hayo ya Kiswahili hayazaliwi na mashine. Hutafsiriwa na watu wa kujitolea katika mradi wa translatewiki.net. Panapokosekana tafsiri, programu haiachi pengo. Huchukua neno la Kiingereza na kuliweka mahali pake. Ndiyo sababu msomaji hukuta ukurasa ambao kichwa chake ni Kiswahili, mwili wake ni Kiswahili, na onyo lake la hatari ni Kiingereza. Wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina neno hilo. Neno lipo. Aliyekosekana ni mtu wa kuliandika. Na ikiwa hali ya Kiswahili, lugha ya mamilioni, ndiyo hii, hali ya Chidigo, lugha ya wengi wa wakazi wa Kwale, inahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi.

Hitimisho

Kazi ya kijana wa Msambweni haikuhitaji mitambo ya ajabu. Ilihitaji mtumaji mwenye nidhamu: ajitambulishe kabla ya kusema, ayaheshimu majina ya watu pamoja na ritifaa zake, ajue leo ya anayemwandikia ni ipi, aweke ukomo wa neno lake, na asitume siri kwa njia ya wote. Watunzi wa tenzi walikuwa na ada ya kuagiza wino na karatasi kabla ya kuanza kutunga, kwa kuwa walijua kwamba kitakachoandikwa kitasafiri bila wao. PHP inapoiandika JavaScript, safari ni ileile, ila hupimwa kwa sekunde.

Wanafunzi wa Kiswahili wasiyaachie mambo haya mafundi peke yao. Fundi anaweza kutunga programu ya kubeba neno. Kulijua neno lenyewe, tahajia yake, saa yake na adabu yake, ni taaluma ya wanalugha. Atakayeketi jioni moja akatafsiri maonyo 20 yaliyobaki kwa Kiingereza atakuwa amefanya kazi ambayo kesho itamfikia mtu wa Vanga au wa Ng'ombeni katika simu yake, bila jina la aliyeifanya kutajwa. Mjumbe hauawi, na mara nyingi hashukuriwi pia. Anayetakiwa kuulizwa, ujumbe unapokuwa na kasoro, ni yule aliyekuwa na nafasi ya kuusahihisha kabla haujaondoka.